Taa Juu ya Matumbawe

Mwezi uliopita tulimzika Bwana Rono huko Bomet, na tangu siku hiyo sina amani. Si huzuni. Ni hasira, na sioni haya kuiita kwa jina lake. Katika kijitabu cha mazishi, kati ya wimbo wa kwanza na ratiba ya ibada, waliweka picha ya sebule yake ya zamani, ile ya nyumba ya meneja pale kiwandani: tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, limejaa maji ya bahari, na ndani yake matumbawe meupe pe. Chini ya picha waliandika kwamba marehemu ndiye mtu wa kwanza kuleta bahari katika nchi ya majani chai. Mhubiri aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, watu wakaguna kwa kupendezwa, na mzee mmoja aliyekuwa mkubwa katika kampuni akasimama kusema kwamba hajawahi kuona weupe kama ule mahali popote. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, kwenye viti vya watu waliofunzwa kazi na marehemu. Tunaambiwa marehemu hasemwi. Sawa, na walio hai waliodhulumiwa, wao wanasemwa lini? Yale matumbawe ya pichani yalikuwa yanakufa. Watu wawili tulijua kwa hakika kilichoyaua, na mmoja alikuwa ndani ya sanduku akiimbiwa. Niliondoka kabla ya chakula.

Mwaka ilipopigwa picha hiyo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, msaidizi katika chumba cha kuonjea chai. Kiwanda chetu kilikuwa upande wa Litein. Kila asubuhi nilipanga vikombe vyeupe juu ya meza ndefu, nikapima majani, nikamwaga maji yanayochemka, nikangoja dakika sita. Kisha Bwana Rono, meneja wetu, alipita na kijiko chake, akivuta chai kwa kelele hadi kooni, akitema ndani ya beseni, akisema neno moja tu: nzuri, butu, imeungua. Mimi niliandika. Nilikuwa nimeshaanza kuonja kwa siri akishaondoka, na mara nyingi neno langu na neno lake lilikuwa moja. Kila mwaka kiwanda kilipeleka mtu mmoja Mombasa kusomea uonjaji, na mtu huyo alikwenda kwa sahihi ya Bwana Rono. Mwanamke hakuwa amewahi kwenda. Niliijaza fomu yangu mwezi wa kwanza, nikaiweka mezani kwake, na pale ikabaki, chini ya jiwe la kuzuia karatasi, nikiiona kila siku niliyoingia kumpelekea chai.

Bahari yenyewe aliileta kwa malori. Chai yetu iliteremka Mombasa kwenda mnadani, na malori yalirudi matupu, basi Bwana Rono akaona si vibaya yakirudi na mapipa ya plastiki yenye maji ya chumvi. Alikuwa ameona tangi kama hilo katika ofisi ya dalali mmoja wa chai, na alirudi akiwa mtu mwingine. Dereva wetu, Langat, ambaye hakupenda kazi hiyo, alikuwa akishusha mapipa pale nyuma ya jikoni huku akilalamika, "Hii maji ya pahari ni nzito kuliko chai. Na hainywewi." Yakaja maji, wakaja samaki wadogo wa manjano na buluu, mwishowe yakaja matumbawe yenyewe, mengine laini, mengine magumu yenye matawi, ya kijani na ya zambarau. Wote tulikwenda kuyatazama. Hakuna aliyekuwa amejua kwamba tumbawe ni kiumbe hai. Tulidhani ni jiwe.

Sasa ilibidi achague taa, na hapo ndipo ujinga wetu ulipoanza. Nasema wetu kwa sababu na mimi nilikuwemo. Mtu wa chai anaijua taa moja tu ya kuiamini, ile ya chumba cha kuonjea: tyubu zenye mwanga mweupe mtulivu, zisizoongeza rangi wala kupunguza, ili jani likionekana limeiva liwe limeiva kweli. Bwana Rono aling'oa tyubu mbili kutoka chumba chetu, akazifunga juu ya tangi. Baada ya wiki chache ule ukijani na ule uzambarau ukaanza kufifia, na matumbawe yakageuka kahawia. Mahali pengine popote mtu angeshtuka. Lakini sisi kazi yetu ya kila siku ilikuwa kungoja jani bichi ligeuke rangi ya shaba. Shaba ikitokea, mkubwa anatabasamu na kila mtu anakula kwa raha. Bwana Rono alituita sebuleni, mikono nyuma, kifua mbele. "Mnaona?" akasema. "Zinaiva. Angalia hiyo shaba, Chebet. Hiyo ni gredi ya juu kabisa." Niliangalia, nikakubali kwa moyo wote. Ninachoka kila ninapokumbuka jinsi nilivyoitikia kwa kichwa.

Aliyeona ukweli kwanza alikuwa Mama Akinyi, na yeye hakuwa na shahada ya chochote. Jina lake lilikuwa Perpetua. Alitoka kwao kando ya ziwa, akaolewa na mfanyakazi wa kiwanda, akafiwa, na sasa alikuwa mpishi na mtunzaji wa nyumba ya meneja, kwa kuwa mke wa Bwana Rono alikaa shambani kwao Bomet. Aliishi na binti yake katika nyumba ya chumba kimoja huko kwenye laini za wafanyakazi, nyumba inayokwenda na kazi. Bwana Rono alinituma nyumbani kwake kila alasiri nikaandike hali ya tangi katika daftari, na nikimaliza Mama Akinyi alinivuta jikoni. Omena, wale dagaa wa ziwani, alizikaangia nje, kwenye jiko la makaa, madirisha yote yamefungwa, kwa sababu mwenye nyumba hakutaka harufu yake. Tulikula na ugali moto na mboga chungu ya majani aliyopanda nyuma ya choo. Akinyi, aliyekuwa darasa la nane, alikaa mwisho wa meza ile ile na vitabu vyake, akinisomea maswali ya hesabu ambayo mara nyingi nilishindwa. "Nyathina, kula," Mama Akinyi alisema, akiniita mtoto wake kwa lugha yao. "Mtu wa kuonja chai siku nzima anaonja njaa tu." Kisha siku moja, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, akasema, "Hayo mawe ya mzee hayajaiva. Yanalala. Zamani asubuhi yalikuwa yanafungua vidole. Siku hizi yanajikunja tu."

Nilimwandikia yule aliyetunza tangi la dalali kule Mombasa, karani mmoja anayeitwa Salim, nikampa Langat barua. Jibu lilikuja na lori lililofuata, kurasa nne za mwandiko mzuri. Alieleza kwamba ndani ya mwili wa tumbawe inaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na hiyo mimea ndiyo inayolilisha, kwa mwanga. Mwanga ukiwa haba, mimea inazaana ili ikamate ule kidogo uliopo, na tumbawe linakuwa kahawia. Kahawia ni njaa, aliandika, akapiga mstari chini yake. Alitushauri tutafute balbu moja ya gesi yenye nguvu, nyeupe kama jua la saa sita, wati mia mbili na hamsini, pamoja na tyubu moja ya buluu, maana chini ya maji mwanga unaofika ni wa buluu. Joto la balbu, ambalo linawasumbua watu wa Mombasa, sisi wa baridi lingetufaa. Lakini akaonya kwa maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: iwekwe juu sana, iteremshwe pole pole kwa muda wa miezi miwili. Tumbawe lililozoea giza likipigwa na jua lote kwa mara moja linaitema ile mimea yake, linabaki jeupe, na baada ya siku chache linaoza.

Nilipeleka barua ofisini. Bwana Rono aliisoma ukurasa wa kwanza, akairudisha. "Miaka ishirini naangalia rangi," akasema. "Wewe msichana wa juzi unanifundisha rangi?" Nikamwambia si mimi, ni huyo karani. "Karani anakaa kwa joto huko, anajua nini na sisi?" Nilirudi tena baada ya wiki mbili, tumbawe moja likiwa limeshakufa, akanifukuza. Mara ya tatu hakunifukuza, kwa sababu alikuwa amepata habari kwamba wakubwa wa kampuni watatutembelea na watalala kwake. Badala yake akasema, "Hata mimi nilikuwa nafikiria hiyo mambo ya balbu." Kufikia jioni lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Fundi wa stima alitoa balbu na choki yake ya kuiwashia katika stoo, akiba ya zile taa kubwa za uwanja wa kupakia malori, akaifunga ndani ya bati lililokunjwa, akaining'iniza darini kwa mnyororo. Tyubu ya buluu ilitumwa na Salim.

Nilihesabu pete kumi na tano za mnyororo kutoka mahali pa juu hadi mahali pa chini, nikafunga uzi mwekundu penye kila pete. Pete moja kila siku nne, nikamwambia Mama Akinyi, na muda wa kuwaka uongezwe nusu saa tu kwa wiki. Tulifanya kama vile kiwandani tunavyonyausha majani, ambapo mwenye haraka anapata majani makavu nje na mabichi ndani. Alielewa papo hapo kuliko mameneja wengi niliofanya nao kazi baadaye. Alipanda kwenye kiti kila siku ya nne, akasogeza kulabu, akaniita nihakikishe. Na yale mawe yakaamka. Ncha za matawi zilirudia uzambarau. Mawimbi ya mwanga yalitembea juu ya mchanga na hadi kwenye ukuta wa sebule, na Akinyi aliacha vitabu vyake akaja kusimama mlangoni. Tulikuwa tumefika pete ya tano. Katika daftari langu la siku hiyo niliandika neno ambalo kwenye chai nililitumia mara chache: hai.

Halafu ziara ikaletwa mbele. Badala ya kuja baada ya miezi miwili, wakubwa wangekuja Jumatatu. Jumamosi mimi nilikuwa nyumbani Kiptere. Bwana Rono aliingia sebuleni, akaona taa iko juu karibu na dari na maji yana kivuli, akasema giza hilo litamwaibisha. Mama Akinyi alinisimulia baadaye jinsi ilivyokwenda. Alimwambia, "Mzee, Chebet alisema pete moja moja." Akajibu, "Kwani ni Chebet amekuajiri?" Akapanda mwenyewe, akateremsha mnyororo hadi pete ya mwisho, akaagiza taa iwake tangu alfajiri hadi usiku, Jumamosi na Jumapili, ili tangi lizoee. Jumatatu saa nne niliitwa kupika chai ya wageni mbele yao, na nilipofika sebuleni nilisimama na birika mkononi. Matumbawe yote yalikuwa meupe. Si rangi hafifu, meupe kama meno. Nilijua pale pale. Barua ya Salim ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Na wageni wakafurahi. Hilo ndilo linalonichemsha damu hata sasa ninapoandika. Walikuwa wamezoea kuona matumbawe katika maduka ya ukumbusho huko pwani, yaliyokaushwa, meupe, yamepangwa kwenye rafu, basi waliona haya ndiyo yenyewe. Walizunguka tangi na vikombe vyao. Mmoja akapiga ile picha. Bwana Rono alinishika bega akasema, "Huyu ndiye msaidizi wangu wa mambo ya mwanga. Tunampeleka Mombasa." Kila jicho likanigeukia. Ningeweza kusema, mabwana, hivi ni viumbe na vinakufa. Nilitabasamu. Nikauliza nani anataka maziwa.

Wiki haikuisha kabla ya harufu. Ilianzia sebuleni, ikafika barazani, harufu ya samaki walioachwa kwenye mfuko. Matumbawe yalivaa utando wa kijivu, nyama ikabanduka, samaki wakaanza kuelea mmoja mmoja. Na mkubwa aliyepiga picha alikuwa ameahidi kurudi na mke wake aone. Nilikuwa nimesimama kwenye korido nikisubiri kutoa daftari niliposikia Bwana Rono kwenye simu. "Ni mfanyakazi wa nyumba," alikuwa akisema. "Alisafisha kioo na sabuni. Unajua hawa watu. Ndiyo, nimeshamwondoa." Aliyasema kwa utulivu, bila kuhema, kama anayetaja gredi ya chai. Alijua. Nilikuwa nimemwambia mara tatu, na barua alikuwa ameishika kwa mkono wake mwenyewe. Aliweka simu chini, akatoka, akanikuta. "Ile fomu yako," akasema, "natia sahihi kesho." Akarudi ndani.

Mama Akinyi alinijia siku hiyo hiyo kwenye chumba cha kuonjea, mahali ambapo hakuwa amewahi kukanyaga. Alikuwa bado na aproni. Alipewa hadi Ijumaa kuhama nyumba, na mtihani wa darasa la nane ulikuwa umebaki wiki tatu. Alisimama kando ya vikombe, akaogopa kugusa meza. "Nyathina, mimi sijaweka sabuni," akasema. "Naosha kwa kitambaa kikavu vile ulinionyesha. Niambie, wewe umesoma. Si ni ile taa?" Mnyonge hana haki, tulifundishwa hivyo tangu utotoni, lakini hatukuambiwa kwamba haki ya mnyonge mara nyingine iko mdomoni mwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Niliangalia beseni. "Sijui, Mama," nikasema. "Inaweza kuwa kitu kingine." Akatikisa kichwa pole pole, akanishukuru. Akanishukuru, jamani. Ijumaa walibebwa na trekta, kitanda, sufuria, na Akinyi juu ya gunia na vitabu vyake mapajani. Nilikuwa dirishani.

Nilikwenda Mombasa. Nikawa muonjaji, mwanamke wa kwanza kutoka kiwanda kile, na kwa miaka zaidi ya ishirini ulimi wangu ulipanga bei ya chai ya watu. Nilipongezwa, nilipewa saa ya ukutani nilipostaafu. Nimekuwa nikijiambia kwamba Bwana Rono ndiye mwenye dhambi, na kweli ni yake, simpunguzii hata chembe, hata akiwa kaburini. Lakini pale mazishini, waliponisimamisha niseme neno kama mwanafunzi wake, nikasimama na kusema alikuwa mtu makini. Mtu makini. Nilikuwa sina fomu tena ya kuogopea, na bado nikaifanya kazi yake. Nilitoka pale, nikaanza kuulizia mahali alipo Mama Akinyi.

Jana nilimpata huko Kedowa. Anauza kabichi na viazi kando ya barabara, chini ya turubai. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini sauti ni ile ile, na ndiyo iliyonijulisha. Aliruka kunikumbatia. "Nyathina, umenona," akasema, akapangusa kreti kwa kanga nikae, akaagiza chai kwenye kibanda cha jirani. Nikamwambia Bwana Rono amefariki. Alikuwa amesikia redioni. Mungu amlaze, akasema, bila uchungu wowote ninaoweza kuuona. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, na yote yalipotea. "Mama, haikuwa sabuni."

"Najua haikuwa sabuni," akasema na kucheka. "Nani anaosha nyumba ya samaki na sabuni?"

"Ilikuwa ile taa. Aliiteremsha haraka."

"Kumbe ilikuwa taa." Alitafakari, akatikisa kichwa. "Si vibaya kujua. Wewe uliambiwa lini?"

Hapo ningeweza kudanganya tena, na naapa wazo hilo lilinipitia. "Sikuambiwa," nikasema. "Nilijua siku ile wageni walikuja. Nilijua ulipokuja kuniuliza. Alikuwa na fomu yangu."

Alichukua kabichi moja, akabandua jani lililonyauka, akairudisha, akachukua nyingine, akaifanya vile vile. Chai ikaletwa na hakuna aliyeigusa. "Watu wa laini waliniambia," akasema mwishowe, akizitazama kabichi. "Walisema yule msichana wa chai anajua, amekunyamazia ndio apate kazi. Nikagombana nao. Nikawaambia yule amekula kwangu. Angejua, angesema. Na Akinyi nikamwambia hivyo hivyo. Hakufanya mtihani mwaka huo, hakurudi shule tena, na akilia nilimwambia asikuchukie, kwa sababu hukujua."

Nikasema samahani. Neno lilitoka dogo sana.

"Mimi nimezeeka, mimi naweza kukusamehe nilale," akasema. "Lakini Akinyi nilimdanganya kwa ajili yako miaka yote hii. Siwezi kufungua mdomo nimwambie ingine. Anakuja hapa Jumapili baada ya kanisa. Uje, madam. Utamwambia mwenyewe."

Halafu akanigeuzia mgongo, akamuuliza mteja aliyekuwa akingoja anataka kabichi ngapi. Leo ni Ijumaa.